Msimu Ambao Hawakumzomea Mang Banong

Urbano Marasigan alikuwa mkuna nazi katika soko la kijiji chetu cha Talahiban. Jumapili mchana, miezi ya joto kabla ya mvua, alikuwa refa wa mpira wa kikapu. Kukuna nazi kulimlisha yeye na mkewe, na filimbi ndiyo iliyomfanya ajulikane mpaka vijiji vya jirani. Sisi tulimwita Mang Banong, na hiyo Mang ni heshima tunayompa kila mwanamume aliyetupita umri. Siku za Jumapili tulimwita na mengine.

Jumatatu asubuhi ungewakuta wanawake wamejipanga mbele ya mashine yake, kila mmoja na nazi zake.

"Mang Banong, hii uiangalie vizuri," mmoja angemwambia. "Isije ikakupita kama ule mguu wa jana."

"Mguu gani?"

"Unaona sasa? Hata leo hujauona."

Yeye angeipasua nazi, awashe mashine, na kumjibu juu ya ule mngurumo: "Mama, ningekuwa sioni, saa hizi ungekuwa unapikia kidole changu."

Maneno ya namna hii kwetu yana jina lake. Tunayaita kantiyaw. Neno la Kiswahili lililo karibu nalo ni kuzomea, lakini anayezomewa mara nyingi anafukuzwa, kama mwizi sokoni, au mwanasiasa aliyekuja na ahadi za mwaka juzi. Kantiyaw haimfukuzi mtu. Anapigwa hadharani, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya uwanja, umati mzima unaangua kicheko, na jioni mtu huyo huyo anakula nanyi sahani moja. Ukali wake ni wa kuzomea, undugu wake ni wa utani.

Tena ina miiko, ingawa hakuna aliyetufundisha. Mwaka mmoja alikuja mgeni kutoka mjini, shemeji wa mtu, akakaa nasi kwenye mabenchi ya mbele. Akafurahia kelele zetu, akaona naye atie yake. Mchezaji mmoja alipokosa kikapu, mgeni akapaza sauti akataja gereza na baba wa yule kijana, kwa maana alishahadithiwa. Uwanja ulinyamaza mpaka ukasikia mpira unavyodunda peke yake. Aling Cording, mke wa Mang Banong, na hiyo Aling ndiyo Mang ya wanawake, akageuka taratibu na kipepeo chake cha kujipepea mkononi.

"Bwana," akamwambia, "hapa hatutukanani. Mpige kwa alichokosea hapa uwanjani. Ya nyumbani kwake yaache nyumbani kwake."

Mgeni akaomba radhi. Robo iliyofuata refa alipojikwaa kwenye nguzo, mgeni akajaribu tena: "Samahani, nguzo, hakukuona!" Watu wakacheka, na Aling Cording akamkatia kipande cha suman, ule wali wetu wa nazi uliofungwa kwenye majani. Ndivyo mtu alivyojifunza.

Aling Cording ndiye aliyekuwa bingwa. Wengine walipiga kelele nyingi wakabahatisha moja nzuri. Yeye alikuwa akisubiri, kipepeo kinakwenda, macho yanafuata mpira, halafu anatupa moja, fupi, mahali palipo kimya, na uwanja unaanguka. Na aliyempiga kuliko wote alikuwa mumewe.

Walikutana kwa njia hiyo. Banong alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, mchezaji wa kawaida tu, goti likamharibikia. Wenzake wakaona wasimpoteze, wakampa filimbi. Mechi yake ya kwanza alikuwa na hofu sana. Watu wawili waligongana mbele yake wakaanguka wote, naye akabaki amesimama, filimbi mdomoni, hapulizi. Sauti ya msichana ikatoka upande wa Kitongoji cha Chini:

"Refa, hiyo filimbi au pipi?"

Banong akacheka, na alipocheka filimbi ikaanguka, ikabingirika mpaka miguuni kwa msichana mwenyewe. Alikuwa Concordia, huyu Cording wetu, amekuja kuwatazama kaka zake. Akaiokota, akaifuta kwa ncha ya gauni, akamrudishia bila kumwangalia usoni.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Banong alifika kwa akina Concordia kuomba kuhudumu, maana zama zile kijana aliyetaka mchumba alikwenda kwanza kuwapasulia wazazi kuni na kuwatekea maji, mchana kutwa, wiki baada ya wiki, apimwe. Baba mtu alikuwa amekaa kizingitini na kikombe cha kahawa kali.

"Cording," akaita ndani, "huyu ndiye yule refa asiyeona?"

"Ndiye, Tatay."

Mzee akamtazama Banong, akayatazama magogo. "Basi mpe shoka," akasema. "Lakini watoto watoke uani."

Alipasua kuni za nyumba ile mwaka mzima na zaidi, na Concordia akitoka kumletea maji alikuwa hakosi neno, wala Banong hakukosa jibu. Mama mtu ndiye aliyekwenda kumwambia mumewe kwamba wale wawili wasipooana upesi, majirani hawatapata usingizi.

Mimi nimekaa nao jirani tangu nilipoolewa hapa, na uwanjani ndiye niliyekuwa nikibadilisha vibao vya pointi. Kwa hiyo niliyasikia ya pande zote mbili, ya uwanjani na ya kupitia ukuta wa mianzi. Ndani ya nyumba ile ilikuwa vivyo hivyo. "Banong, hiyo sabuni umeiona, au mpaka apigwe mtu faulo?" "Nimeiona, Cording, nangoja iombe msamaha." Walizaa binti mmoja, akaolewa mji wa Lipa, wakabaki wao wawili, na kelele hazikupungua. Mtu asiyewajua angedhani wanagombana. Aliyewajua alipokosa kuzisikia alikwenda kuuliza kama kuna mgonjwa.

Na mgonjwa akapatikana. Ilikuwa baada ya Krismasi, asubuhi, sokoni. Mang Banong alikuwa ameshika nusu ya nazi, ikamtoka mkononi. Akainama kuiokota, hakuinuka. Wenye vibanda vya samaki walimkuta amelala kati ya vifuu, mdomo umekwenda upande. Aling Cording alikuja mbio na kandambili moja. Akapiga magoti, akamwita jina. Mumewe alimtazama tu. Wakampeleka hospitali ya mjini kwa gari la mtu.

Kilikuwa kiharusi, nacho kilimhurumia. Kufikia siku za Kwaresima alikuwa anatembea na fimbo, kisha bila fimbo, akiburuta kidogo mguu wa kushoto. Mdomo ulirudi mahali pake. Mkono wa kushoto ndio uliokuwa mvivu, nazi akawa anazipasua mwana wa kaka yake, yeye anashika swichi. Daktari aliwaambia asichoke sana na asiudhike. Kisha Mang Banong akatangaza kwamba msimu huu atachezesha kama kawaida.

Aling Cording hakubishana naye. Alivaa viatu vyake vya kanisani, akaanza kupita nyumba kwa nyumba, Kitongoji cha Juu na Kitongoji cha Chini. Kwangu alifika saa ya kahawa.

"Mameng," akaniambia, "nimekuja kukuomba kitu. Msimu huu msimpige kantiyaw."

"Yeye mwenyewe kasemaje?"

"Yeye hajui, na asijue. Daktari kasema asiudhike. Akikosea, nyamazeni. Akipatia, pigeni makofi. Nawaomba hilo tu."

"Na wewe utaweza?"

Aliizungusha kahawa kwenye kikombe. "Mimi nitajifunza," akasema.

Hakuna aliyemkatalia. Nani angemkatalia? Hata Mang Isko kinyozi, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, aliweka mkono kifuani akaapa.

Jumapili ya ufunguzi Mang Banong aliingia uwanjani na shati lake la mistari lililopigwa pasi, nasi tukasimama tukampigia makofi. Alifurahi, akainama, akagusa filimbi. Mechi ikaanza. Hazikupita dakika nyingi, mpira ukatoka nje wazi kabisa mbele yake, yeye akaashiria waendelee. Akajikaza kusubiri, kama mtu anayesubiri maji ya baridi yamwagike. Hayakumwagika. Akageuka kuangalia mabenchi. Watu walikuwa wanatabasamu. Mang Isko alikuwa anatazama juu, kwenye mabati, kana kwamba kuna ndege. Aling Cording alikuwa anajipepea.

Wakati wa mapumziko alikuja mezani kwangu.

"Mameng, hawa watu wamekula nini leo?"

"Wamekula kawaida, Mang Banong."

"Mbona wamekaa kama wako kanisani?"

"Labda ni joto," nikasema, na nikajishughulisha na vibao.

Jumapili ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Sokoni nako mambo yakabadilika. Wanawake walimpa nazi zao kwa mikono miwili. Wakimsalimia walipunguza sauti. Mmoja alimletea kiti. Mang Banong akaanza kukonda. Kupitia ukuta wa mianzi sikusikia tena maneno, nilisikia vijiko tu. Siku moja nilipokwenda kukuna nazi aliniambia, bila kuniangalia:

"Wananitazama kama jeneza linapita. Mtu anavua kofia, anasogea kando."

"Wanakuheshimu."

"Walikuwa wananiheshimu tangu zamani," akasema, akawasha mashine.

Kisha ikaja nusu fainali, Juu na Chini, mechi ambayo kila mwaka watu hutoka mpaka shambani kuja kuitazama. Kitongoji cha Juu walikuwa nyuma kwa pointi moja, muda unakwisha. Mpira akawa nao Ponso Atienza, kijana mrefu anayeendesha jahazi la mchanga mtoni, mpole kuliko urefu wake. Akapita pembeni, sambamba na mstari, akaruka, akaingiza. Na filimbi ikalia. Mang Banong, ambaye mguu wake ulikuwa umechelewa kumfikisha mahali pa kuona, alikuwa anaonyesha chini: amekanyaga mstari, kikapu hakihesabiki.

Hakukanyaga. Mimi nilikuwa nimekaa hapo, mguu ulipita mbele ya macho yangu na nafasi ilibaki. Watu wote wa upande ule waliona. Miaka yote ya nyuma, kelele ambazo zingetoka pale zingemfanya Mang Banong asimamishe mchezo, aje mezani, aniulize mimi na refa mwenzake, na kama kakosea ageuze. Alishawahi kugeuza mara nyingi, huku akipigwa kantiyaw pande zote, kwa kukosea na kwa kugeuza. Lakini siku hiyo watu walimeza mate. Ponso akauchukua mpira, akampa mkononi kwa adabu, akasema, "Sawa, Mang Banong." Mechi ikaisha. Watu wa Juu wakatoka wamenyamaza, na wa Chini, walioshinda, nao walitoka wamenyamaza.

Kesho yake Ponso alitumwa na mama yake kukuna nazi. Mimi nilikuwa wa tatu kwenye mstari, kwa hiyo sihadithii ya kuambiwa.

Mang Banong aliipokea nazi, hakuwasha mashine. "Ponso, jana ulikanyaga mstari?"

"Ulivyosema ndivyo ilivyo, Mang Banong."

"Sikukuuliza nilivyosema. Nimekuuliza mguu wako."

Ponso akahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kama vile mguu wenyewe utajibu.

"Haukukanyaga," akasema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Tulikatazwa."

"Na nani?"

Ponso akaitazama nazi. Lakini Mang Banong alishageuka kuangalia njia inayokwenda nyumbani kwake, akavua aproni, akamwachia mwana wa kaka yake mashine, akaondoka akiburuta mguu. Alisahau kofia. Mimi nikachukua nazi yangu bila kukunwa, nikamfuata kwa nyuma, maana tunakaa jirani, na njia ni moja.

Aling Cording alikuwa anakaanga samaki.

"Cording," nikamsikia, "umenizika lini? Mbona sikupata mwaliko?"

Mafuta yaliendelea kulia kidogo, kisha akayatoa motoni. "Nani kakwambia?"

"Aliyeniambia ni mguu wa Ponso. Jana nimewanyang'anya watoto wa watu kikapu chao, na uwanja mzima umenitazama ukanyamaza. Mang Isko amenyamaza, Cording. Isko. Nikadhani nimeanza kuwa kiziwi."

"Daktari alisema usiudhike."

"Nani kasema naudhika?"

"Mtu anaambiwa hana macho mbele ya watoto, hata asiudhike?"

"Umeniambia hivyo tangu ukiwa msichana. Nimewahi kuudhika lini?"

Aling Cording aliposema tena sauti yake ilikuwa imeshuka, nikatamani nisingekuwa na masikio. "Nilikukuta chini kwenye vifuu," akasema. "Nikakuita. Nikakwambia, Banong, inuka, watu wanangoja tui. Hukunijibu. Hujawahi kukosa kunijibu hata siku moja. Ulinitazama tu, na mdomo wako hukuwa nao. Nikasema sitasema tena neno linalotaka jibu. Sitaki kungoja vile tena."

Nilimsikia Mang Banong akivuta kiti.

"Sasa nipo," akasema. "Mdomo ninao. Na umeukalisha bure msimu mzima."

"Umekonda."

"Nitaachaje kukonda? Nikikosea hapana anayeniambia. Nikijikwaa wananipigia makofi. Nilikuwa najua nimesimama wapi kwa kelele zenu. Sasa napuliza filimbi gizani."

Mkewe akasema, polepole, kama anayejaribu mguu uliovunjika: "Hata kwenye mwanga ulikuwa unapuliza gizani."

"Ee," akasema Mang Banong. "Lete samaki."

Hawakuishia hapo, maana Aling Cording si mtu wa kuacha jambo nusu. Alimpeleka kwa daktari wake mjini, mwanamke mmoja wa makamo mwenye miwani mizito, akamweleza yote na kumwuliza kama kelele zile zitamdhuru mumewe. Daktari akataka kujua ni kelele za namna gani. Aling Cording akampa mfano mmoja, akampa wa pili. Wa tatu ulipofika daktari alikuwa ameshavua miwani anafuta macho, na wagonjwa waliokuwa wakingoja nje wamechungulia mlangoni.

"Hizo hazina neno," daktari akasema. "Lakini kukimbia, asikimbie. Atembee, na akae kila robo anywe maji."

"Alikuwa hakimbii hata alipokuwa mzima," akasema Aling Cording.

Likabaki suala la kikapu cha Ponso. Mang Banong alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Kapitan kama tunavyomwita, akaomba Jumapili, kabla ya fainali, apewe kipaza sauti. Kapitan alisitasita, kwa kuwa watu wa Chini walishajiandaa kwa fainali na mechi iliyokwisha kwa kawaida imekwisha. Lakini akampa.

Jumapili uwanja ulijaa mpaka watoto wakakaa juu ya ukuta. Mang Banong alisimama katikati, shati la mistari, kipaza sauti mkono wa kulia.

"Wiki iliyopita nilisema Ponso Atienza amekanyaga mstari," akasema. "Hakukanyaga. Mstari sikuuona vizuri, nikaamua tu. Nawaomba radhi watu wa Juu. Na watu wa Chini nawaomba, kama mtakubali, mcheze nao dakika tano za nyongeza, atakayeshinda ndiye aende fainali."

Watu waliangaliana. Hakuna aliyejua kama lile katazo limekwisha, na macho, moja moja, yakaenda kwenye benchi la mbele, kwa mwanamke mwenye kipepeo. Aling Cording alikifunga kipepeo. Akakiweka mapajani.

"Ulijua pana mstari?" akapaza sauti. "Basi umepona. Mwaka jana hata uwanja ulikuwa huuoni."

Nimekaa kwenye mabenchi yale miaka mingi, sijapata kusikia kilichofuata. Watu walikuwa na akiba ya majuma yote. Zilitoka kwa pamoja, kutoka Juu, kutoka Chini, kutoka ukutani. Mang Isko alipanda juu ya benchi. "Filimbi mpeni jogoo, yeye angalau anajua kumekucha!" Mwanamke wa samaki akasema angemletea miwani ila anaogopa ataikuna. Mtu mwingine akamwuliza kama anachezesha kikapu au anasikiliza redio. Mang Banong alikuwa amesimama pale pale, kichwa ameinamisha upande, kiganja nyuma ya sikio.

"Mmoja mmoja," akasema kwenye kipaza sauti. "Nimeugua, nasikiliza taratibu. Isko, shuka kwenye benchi, ulipokuwa unacheza wewe mpira ulikuwa unaomba ruhusa ya kwenda nyumbani."

Nilimwangalia Aling Cording. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na hakujisumbua kuyafuta.

Vijana wa Chini waliteta kidogo, kisha nahodha wao akatoka katikati akampa Ponso mkono. Wakakubali. Nadhani ushindi ule ulikuwa unawawasha nao pia, kama nguo ya kuazima.

Wakacheza dakika tano. Watu wa Juu walikuwa na haki, walikuwa na Ponso, na walikuwa na sala za akina mama. Ponso akatupa cha kwanza, kikagonga ubao. Akatupa cha pili, hakikugusa hata chuma. Chini wakaingiza, wakaingiza tena. Mwisho Juu walifungwa kwa tofauti kubwa kuliko ile ya mara ya kwanza, na Ponso alipokuwa anatoka uwanjani, jasho linamtiririka, Aling Cording alimsubiri afike mbele yake.

"Ponso, mwanangu," akamwambia, kwa sauti ya uwanja mzima, "heri ungebaki umeonewa."

Ponso akajifunika uso kwa shati, mabega yakitikisika kwa kicheko, akaenda kukaa karibu naye, akapewa suman.

Mang Banong alichezesha misimu miwili baada ya hapo, akitembea, akikaa kila robo kunywa maji. Alikosea mengi na kuambiwa yote. Mwili ulimrudia, mashavu yakajaa, na mimi usiku nikawa nazisikia tena zile kelele zao kupitia mianzi mpaka nikawa nagonga ukuta niwaombe wanihurumie. Kisha goti lile la zamani likakataa kabisa, akaikabidhi filimbi kwa refa mwenzake, akahamia kwenye benchi la mbele kando ya mkewe.

Hapo ndipo ilipogundulika kwamba Mang Banong, aliyepigwa kantiyaw kuliko mtu yeyote Talahiban, mwenyewe hajui kuipiga. Kujibu alikuwa hodari, kuanza hakuweza. Alikuwa na huruma, tena maneno yake yalikuwa marefu. Alianza na salamu, akamtaja mchezaji na mama yake kwa heshima, akaeleza kosa lilivyotokea, na alipofika mahali pa kuchekesha mpira ulikuwa umeshafika upande wa pili na watu wanashangilia kikapu.

"Fupi, Banong," mkewe alimwambia. "Huandiki wosia."

"Nataka aelewe."

"Ataelewa. Mwache akaumalize mwenyewe nyumbani."

Alijizoeza. Nilimsikia asubuhi akimjaribia paka. Na Jumapili moja mwezi wa Mei, wiki ya sikukuu ya kijiji, refa mpya alipowatenganisha wachezaji wawili akamnyooshea kidole mchezaji wa tatu asiyehusika hata kidogo, aliyekuwa amesimama pembeni, mikono mgongoni, akitazama tu, Mang Banong alisimama, akashika nguzo kwa mkono wake mzima, akasema maneno matatu tu:

"Huyo kaja kununua?"

Ng'ambo ya uwanja watu walicheka mpaka mchezo ukasimama. Refa mwenyewe alicheka, akaja kumshika mkono. Mang Banong aliketi taratibu, uso umemwiva kama wa bwana harusi, na Aling Cording akaweka kipepeo chini akapiga makofi.

Jioni nilitembea nyuma yao kurudi nyumbani. Alikuwa anamhadithia mkewe jinsi lile neno lilivyomjia, alivyolishika, alivyosubiri. Akalirudia kwa jirani tuliyempita njiani, akalirudia kwa mwenye duka, na kila aliporudia lilikuwa linarefuka, limeongezwa salamu na maelezo. Aling Cording alikuwa amemshika kiwiko cha kushoto, anamsikiliza, na hakumkatiza.